Mashauri ya Kazi: Msumeno Uliozimika Mferejini

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za chombo ambacho siku hizi kimeingia katika nyumba nyingi, huku kwetu Mabogini na huko juu mlimani pia, yaani msumeno wa mnyororo, ule ambao mafundi huuita cheni soo. Mwalimu mmoja wa kata yetu ametuandikia akiuliza, "Mbona misumeno hii hufa upesi? Je, yauzwa ikiwa mibovu?" Swali lake ni jema, nasi tumeona tusilijibu kwa maneno ya vitabu peke yake, bali kwa jambo lililotupata sisi wenyewe, ijapokuwa kulisimulia ni aibu kidogo.

Ilikuwa mwezi wa Septemba, katikati ya kiangazi. Usiku mmoja upepo uliangusha mkuyu mkubwa, ukalala juu ya mfereji wa maji. Wakaao Mabogini wajua maana ya jambo hilo. Tangu skimu ya Lower Moshi ilipokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, majaruba yetu ya mpunga huishi kwa maji ya mito ya Njoro na Rau, na maji hayo huja kwa zamu. Mti ukiuziba mfereji, maji hupanda kingo na kumwagika njiani, na aliye mwisho wa mfereji hukosa zamu yake. Siku zile mama mmoja mjane, mwenye majaruba ya mwisho kabisa, alikuwa amemaliza tu kupandikiza miche.

Sisi, nyumba sita, tulikuwa na msumeno wa shirika, tulioununua kwa mapato ya mpunga. Basi tukaenda nao alfajiri tukiwa na furaha, tukiwaambia wenye mashoka wakae kivulini. Ulipowashwa ulitoa mlio mkali wa juu kuliko siku zote. Sisi tukafurahi, tukidhani ya kuwa ni dalili ya nguvu. Kumbe kilikuwa ni kilio. Ulikata matawi matatu, kisha ukalegea, ukazima. Tulipovuta kamba ya kuwashia, haikuvutika hata kidogo. Ndipo wenye mashoka walipoinuka kivulini, wakafanya kazi ya siku 2. Maji yalipopita tena, sehemu kubwa ya miche ya mama yule ilikuwa imekauka, akalazimika kwenda kwa majirani kuomba miche mingine. Hakutulaumu kwa neno lolote, na hilo lilituuma zaidi kuliko lawama.

Tukaupeleka msumeno kwa fundi mmoja mzee wa Moshi mjini, aliyesoma zamani katika Chuo cha Viwanda vya Misitu kilichopo mjini humo, ambako vijana hufundishwa kazi ya mbao na utunzaji wa misumeno. Akaifungua injini, akatuonyesha pistoni. Upande ule unaoelekea bomba la moshi ulikuwa umechunika kama ngozi iliyoburutwa juu ya changarawe.

"Ndugu zangu," akasema, "msumeno huu haukufa kwa ugonjwa. Umekufa kwa kiu."

Kisha akatuuliza maswali matatu: Msumeno ulikuwa wapi kabla ya siku ile? Nani alichanganya mafuta? Na petroli ilinunuliwa wapi? Tuliyajibu maswali hayo kwa haya, na katika majibu yetu mlikuwamo sababu zote. Nasi twataka kuwaeleza ninyi moja moja, ili hasara yetu iwe faida yenu.

Kwanza, yapasa kujua namna injini hii ilivyo. Injini ya pikipiki za bodaboda, na ya matrekta madogo ya mkono yalimayo majaruba yetu, ina chumba cha oili chini yake, na oili hiyo hulainisha vyuma wakati wote. Injini ya msumeno ni ya mipigo miwili, wala haina chumba hicho. Haikuwekewa kwa sababu msumeno hugeuzwa huku na huku, hulazwa ubavu, hata hupinduliwa. Oili iliyo chumbani ingemwagika au ingeacha kufika inapohitajiwa. Kwa hiyo oili yake yote huja ndani ya petroli. Petroli huwaka, na oili hubaki ikipaka silinda, pistoni na beringi. Mtu akitia petroli tupu, injini huwaka vizuri kabisa, tena kwa mlio wa kupendeza, na baada ya dakika chache vyuma husuguana vikiwa vikavu, hupata moto, huvimba na kushikana. Mafundi husema, "Imenoki." Basi mtu anayejaza tangi ndiye fundi wa kwanza wa msumeno, na akikosea yeye, fundi wa mjini hana la kufanya ila kuuza pistoni mpya.

Kipimo chenyewe ni hiki. Kwa oili nzuri iliyotengenezwa kwa injini za mipigo miwili, misumeno mingi ya siku hizi hutaka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli. Maana yake, katika kidumu cha lita 5 hutiwa mililita 100 za oili. Ikiwa kitabu cha msumeno wako chataka 1 kwa 25, basi ni mililita 200 kwa lita 5. Shika neno la kitabu chako. Usipime kwa macho, wala kwa kifuniko cha chupa, kwa maana vifuniko havilingani. Chupa ya kunyonyeshea mtoto iliyochakaa ina mistari ya mililita. Itenge kwa kazi hii, iandike alama, isirudi jikoni kamwe. Tia kwanza nusu ya petroli, kisha oili yote, tikisa, halafu malizia petroli iliyobaki, utikise tena. Kila mara kabla ya kujaza tangi, tikisa kidumu. Oili ya bodaboda haifai, wala ile ya trekta, kwa kuwa haikufanywa ili iungue pamoja na petroli. Huacha masizi mazito. Wala usidhani ya kuwa kuzidisha oili ni kuitendea wema injini. Hutoa moshi mwingi, huchafua plagi, na kuziba bomba la moshi. Kwetu sisi kijana aliyetumwa alipima kwa macho, tena kwa haraka. Hatukumlaumu, maana hatukuwa tumemfundisha.

Pili, petroli yenyewe. Yetu ilinunuliwa kando ya njia, katika chupa ya maji iliyokaa juani, nasi hatukujua ilikaa hapo siku ngapi. Wasomaji wetu wazima wakumbuka siku zile neno "kuchakachua" lilipoenea midomoni mwa watu wote. Wafanya biashara wengine walikuwa wakichanganya mafuta ya taa katika petroli na dizeli, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa rahisi. Mwaka 2010 EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, ilianza kutia vinasaba katika mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya udanganyifu ipungue. Hayo yalisaidia sana vituo vya mafuta. Lakini chupa ya kando ya njia haina anayeikagua. Mafuta ya taa ndani ya injini ndogo huleta kugonga na joto jingi, na huacha masizi.

Haya basi, fanyeni hivi. Nunueni petroli kituoni, katika kidumu safi chenye kifuniko. Kabla ya kutia oili, dondosheni matone mawili juu ya karatasi nyeupe, mbali na moto. Petroli safi hukauka upesi bila kuacha doa. Ikibaki alama ya mafuta, ishukuni. Kisha mimineni kidogo katika chupa ya kioo, muiache itulie. Kama ina maji, maji yatakaa chini, nanyi mtayaona yamejitenga. Vipimo hivi si vya maabara, walakini vingalituokoa sisi siku ile.

Tena petroli huzeeka. Ile sehemu nyepesi, iwakayo upesi, hupotea hewani, na inayobaki hugeuka kuwa kama ulimbo ndani ya matundu madogo ya kabureta. Kwa hiyo changanyeni ya kutosha mwezi mmoja tu, wala si zaidi. Na msumeno ukitaka kuwekwa kwa muda mrefu, mwageni mafuta ya tangi katika kidumu, kisha uwasheni ungurume mpaka uzime wenyewe, ili kabureta ibaki tupu. Wengi hulalamika, "Uliwekwa mzima, ukatolewa mbovu." Haukuharibiwa na kabati, umeharibiwa na mafuta yaliyosahauliwa ndani yake.

Tatu, na hili ndilo wengi wetu hatukulijua, mlima na tambarare havina hewa sawa. Kila ukipanda mita 1,000, hewa hupungua uzito kadiri ya sehemu moja katika kumi. Mabogini yetu iko chini ya mita 800 kutoka usawa wa bahari. Vihamba vya juu, penye migomba na kahawa, hufika mita 1,500 na kupita. Msumeno uliorekebishwa huku chini ukipandishwa huko hukosa hewa ya kutosha, mafuta huwa mengi mno, nao hutoa moshi na kulegea. Basi fundi wa juu huzungusha skrubu ya kabureta ili kupunguza mafuta, na kazi huenda vizuri. Hajakosa neno. Kosa lipo siku ya kushuka. Hapa chini hewa ni nzito, na mafuta yamepunguzwa. Na mafuta yakipungua, oili nayo imepungua, kwa kuwa vyote viwili husafiri pamoja. Injini hulia kwa sauti ya juu, hukimbia kuliko kawaida yake, hupata moto, na mwisho wake mmeusikia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Juma moja kabla ya mkuyu kuanguka, msumeno wetu ulikuwa umeazimwa kwenda vihambani kupunguza matawi ya migrivilea iliyoifunika kahawa. Ukarekebishwa huko, ukarudi, wala hapana aliyetuambia, kwa sababu hapana aliyeuliza. Kwa hiyo mwenye kupanda na kushuka na msumeno wake, na ampe fundi aurekebishe kila upande, au ajifunze kwake skrubu zile. Iko misumeno mipya inayojirekebisha yenyewe. Walakini iliyo mingi mikononi mwetu si ya namna hiyo. Na kila mtu akumbuke dalili hii: mlio mkali usio wa kawaida si nguvu. Zima mara moja.

Nne, hewa na plagi. Vumbi la kwetu wakati wa kiangazi ni jembamba kama unga. Chujio la hewa likijaa, injini hunyimwa pumzi. Likitoboka, vumbi huingia na kusaga silinda kama tupa. Lifungue kila jioni baada ya kazi, ulikung'ute, na kama ni la kuoshwa, lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, likauke kabisa kabla ya kurudishwa. Kisha itazame plagi, kwa maana husema kweli. Ikiwa na rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, mambo ni mema. Ikiwa nyeusi tena mbichi, ama oili imezidi, ama chujio limeziba, ama kabureta yatoa mafuta mengi. Ikiwa nyeupe na kavu, injini yapata moto mno. Usiendelee hata dakika moja kabla ya kujua sababu. Nafasi ya cheche katika plagi za misumeno iliyo mingi ni nusu milimita. Na ndani ya tangi, mwisho wa mpira wa kunyonyea mafuta, mna kichujio kidogo ambacho watu wengi hawajapata kukiona tangu waliponunua msumeno. Sailensa isiposhika, au injini ikifa ukivuta mafuta, anza hapo kabla ya kumshika fundi shati.

Tano, mnyororo. Wazee wetu walipasua mbao kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwenziwe shimoni, akipokea unga wa mbao machoni. Mwaka 1926 Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo uendao kwa umeme, na mwaka 1929 wa petroli. Nayo ilikuwa mizito hata ikatakiwa watu wawili kuishika. Mwaka 1946 Mmarekani mmoja, Joseph Cox, alimtazama buu wa mbawakawa akila ndani ya kisiki, akaona ya kuwa huyu hakwanguzi mti bali huukata kushoto na kulia kwa meno yake mawili. Akaigiza meno yale katika mnyororo, na minyororo ya leo imefuata njia hiyo.

Twawakumbusha habari hiyo ili mjue ya kuwa jino la mnyororo ni kisu, wala si chusa ya kusukumwa kwa nguvu. Mnyororo mkali hutoa vipande vya mti. Mnyororo butu hutoa unga. Uonapo unga, acha, chukua tupa ya mviringo iliyo ya kadiri ya mnyororo wako, unoe kila jino kwa idadi moja ya kuvuta. Asiyenoa huegemea msumeno kwa kifua, injini hufanya kazi ya mara mbili, joto hupanda, na tumekwisha kuona joto linafanya nini. Upanga wa msumeno nao una oili yake, katika tangi la pili. Ili kujua kama oili yafika, elekeza ncha juu ya kisiki cheupe na uvute mafuta kidogo. Sharti uone mstari wa oili juu ya kisiki. Usitie oili chafu iliyomwagwa na magari. Ndani yake mna unga wa chuma ulao pampu na upanga, tena hurushwa ardhini na mferejini, na maji yale yale huenda majarubani.

Maneno machache ya usalama hatuwezi kuyaacha. Usijaze mafuta injini ikiwa ya moto. Ngoja ipoe, kisha sogea hatua kadhaa kutoka hapo ulipojaza kabla ya kuiwasha. Usikate kwa sehemu ya juu ya ncha ya upanga, maana hapo ndipo msumeno hurukia uso wa mwenyewe. Na kabla ya kuangusha mti wo wote, hata ulio shambani mwako, pita ofisi ya kijiji na kwa afisa wa misitu. Msitu wa mlima umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro tangu mwaka 2005, na mvua na chemchemi ziinyweshazo mifereji yetu zategemea miti ile. Msumeno mzima ulio katika mikono mibaya ni hasara kuliko uliokufa.

Sasa turudi kwa mwalimu wetu. Je, misumeno yauzwa ikiwa mibovu? Labda mmoja mmoja. Lakini wetu haukuwa mbovu. Ulipita mikono mitano katika mwezi mmoja, na kila mkono ulidhani mwingine unajua. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo nyumba zetu sita zimekubaliana hivi: mtu mmoja tu huchanganya mafuta, tena huandika tarehe juu ya kidumu, na msumeno una daftari lake, ambamo huandikwa siku ulipotoka, mahali ulipokwenda, nani aligusa kabureta, na siku chujio liliposafishwa. Aliyechaguliwa kuchanganya ni yule yule kijana aliyepima kwa macho, na mpaka leo hapana ashikaye kipimo kwa uangalifu kumpita.

Silinda na pistoni mpya tulizinunua kwa kuchangishana, na katika mchango ule tulitenga kwanza sehemu ya miche ya mama yetu wa majaruba ya mwisho. Alipoipokea alituuliza neno moja tu: "Wanangu, na mti mwingine ukianguka?" Tukamwonyesha daftari. Yeye hakujua kulisoma, lakini alifungua kifuniko cha kidumu, akanusa, akakirudisha, akasema, "Haya. Nitaamini maji yakifika."

Basi, ninyi mlio na misumeno ya shirika, ya shule au ya nyumba, angalieni leo vidumu vyenu, na kama hamjui vimechanganywa lini, msivitumie msumenoni. Na aliye na swali juu ya kazi za mikono na atuandikie, nasi tutajibu kadiri tujuavyo. Kwa herini.